Pampu ya Oksijeni na Mikono Iliyotoka Kukamua

"Kama hii pampu inavuta, mbona tangi limewekwa juu yake?"

Hilo ndilo swali la kwanza nililoulizwa kazini. Nilikuwa na digrii ya uhandisi wa mitambo, ovaroli mpya yenye mikunjo ya dukani, na maoni kuhusu kila kitu. Aliyeniuliza alikuwa Mzee Odhiambo, fundi mkuu wa depo yetu ya gesi mjini Kericho. Alikuwa mtu mfupi, mpole wa sauti, aliyezaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai baada ya wazazi wake kuja kutoka pande za ziwa kuchuma majani. Nilimjibu kwamba pengine walikuwa wanaokoa nafasi uwanjani.

"Nafasi," alirudia, akitazama uwanja wetu ambao ungetosha kuchezea mpira. "Iandike hiyo, Injinia. Utaicheka siku moja."

Nimestaafu. Nina miaka thelathini na minane, kwa hivyo chekeni kwanza, kisha tuendelee. Hospitali nyingi siku hizi zinatengeneza oksijeni zenyewe kutoka hewani, tangi letu likawa kubwa kuliko kazi yake, na kampuni ikafunga uwanja wa Kericho. Niliambiwa nihamie depo mpya au nipumzike. Ng'ombe wa mama hawahamishiki, na chuo cha ufundi kilikuwa kimeniomba nifundishe siku mbili kwa wiki, basi nikapumzika. Karani aliyejaza fomu zangu aliandika kwamba nimestaafu, na neno hilo nimelipenda. Ninyi mliohamia kule mmeniomba niandike ninayoyajua kuhusu pampu kabla sijayasahau. Nitaandika pia jambo moja ambalo nilijaribu kulisahau bila kufaulu.

Jibu la lile swali nilipewa siku ya tatu, wakati wa chai. Sufuria ilikuwa jikoni inatokota.

"Hii chai ukiivuta na mrija sasa hivi, utapata nini?" Mzee aliniuliza.

"Nitaungua, Mzee."

"Utaungua, sawa. Na zaidi utapata povu. Kitu kinachochemka ukikivuta, unakisaidia kuchemka."

Hapo nikaelewa. Oksijeni iliyopozwa hadi ikawa maji iko nyuzi mia moja themanini na tatu chini ya sifuri, lakini kwa upande wake hiyo si baridi. Hapo ndipo inapochemkia. Inakaa tangini ikisubiri kisingizio tu. Ukiinyonya kidogo, shinikizo linashuka, nayo inageuka mvuke mlangoni mwa pampu. Pampu ikila mvuke haisukumi kitu: pistoni inaenda na kurudi bure, sili, zile pete za kuzuia uvujaji, zinapata joto, na unabaki na kelele. Ndiyo maana tangi liko juu, ili maji yale yashuke kwa uzito wake. Pampu ya baridi haivuti. Inapokea, kisha inasukuma. Ilikuwa ikisukuma hadi kwenye mabomba marefu yenye mapezi tuliyoyaita mti wa aluminiamu, ambako hewa ya nje iliyapasha yale maji yakawa gesi tena, na gesi ikaingia kwenye silinda kwa nguvu inayoweza kurusha kifuniko hadi barabarani. Haya yote nilikuwa nimeyafanyia mtihani na kupata alama nzuri. Sikuwa nimeyajua.

Jambo la pili lililonisumbua ni kupoza. Pampu ikiwa na joto la uwanjani, ukiiwasha mara moja, maji ya kwanza kuingia yanachemka yote. Kwa hiyo unafungua vali na kuacha baridi ipite taratibu, mvuke ukirudi tangini, mpaka chuma chenyewe kipoe. Kitabu kilisema dakika kumi. Mzee alisema mpaka inyamaze. Aliweka ncha ya fimbo ya chuma kwenye kichwa cha pampu, ncha ya pili sikioni, akasimama hivyo kama mtu anayesikiliza habari za majirani.

"Lakini Mzee, barafu tayari imejaa nje ya bomba. Imepoa."

"Kericho hata chupa ya soda inatoa jasho. Usiamini barafu ya huku."

Alisema kweli. Hewa yetu imejaa ukungu na mvua ya kila alasiri, na bomba linavaa weupe muda mrefu kabla ya kupoa ndani. Barafu ya nje inakueleza habari za hewa, si za pampu. Kwa kuwa sikuwa mtu wa kukubali fimbo, nilifunga kipimajoto kwenye kichwa cha pampu na kupima kwa wiki mbili. Kipimo changu na sikio lake havikupishana hata kwa dakika moja. Nilimwonyesha jedwali. Alilitazama kwa heshima, akauliza kama kipimajoto kinahitaji betri.

Sasa nifike kwenye mikono.

Huku kwetu mtu hatoki nyumbani asubuhi kabla ya kukamua. Kirui, aliyekuwa mjazaji wetu wa silinda, alikuwa akitoka Kedowa kila siku akiwa amemaliza ng'ombe watatu. Mimi nilikuwa namsaidia mama kukamua wawili. Na anayekamua anapaka jeli ya kukamulia, ile ya mkebe, ili chuchu zisipasuke. Kwa sababu baridi ya huku inapasua pia mikono na midomo, jeli inabaki mikononi, wengine wanapaka usoni, na watoto wanaenda shule waking'aa. Hakuna ubaya wowote, ila kwa sisi. Mafuta na oksijeni nzito havikai nyumba moja. Tone la mafuta ndani ya pampu ya oksijeni halihitaji kiberiti. Msukumo wenyewe unaliwasha, na likishawaka, chuma kinakuwa kuni.

Kwa hiyo kila asubuhi Mzee Odhiambo alisimama mlangoni na vipande vya karatasi nyeupe alivyovikata mwenyewe. Ulinawa kwa maji ya moto na sabuni ya kipande, ukakausha, ukabonyeza viganja vyote viwili kwenye karatasi. Tuliita kupiga muhuri. Akiinua karatasi kuelekea dirishani na kuona doa linalopitisha mwanga, ulirudi kunawa.

"Umekamua wangapi leo, Kirui?"

"Watatu tu, Mzee."

"Karatasi inasema wanne. Rudi ukanawe huyo wa nne."

Nilibishana naye mwezi wa kwanza wote. Nilimwambia kwamba karatasi si kipimo, kwamba haina kiwango, kwamba mwanga wa dirisha hubadilika, kwamba hatuweki kumbukumbu yoyote. "Mzee, huu ni uganga," nilimwambia siku moja.

Kirui alicheka hadi akaketi. Mzee hakukasirika. Alinipeleka kwenye dirisha la ofisi, palipokuwa na bonge la shaba lililojaa matundu kama sifongo. Lilikuwa vali zamani, katika depo nyingine aliyofanyia kazi akiwa kijana.

"Nani aliweka mafuta?" niliuliza.

"Mtu aliyekuwa na haraka."

Sikupata zaidi ya hapo. Nilikumbuka kwamba hadithi moja si ushahidi, na nikapiga muhuri kila asubuhi huku nimekunja uso.

Mzee alipostaafu, kwa umri wa kweli si kama mimi, alihamia shamba lake Soin, ambako kuna joto na miwa na hakuna chochote cha kusikiliza kwa fimbo. Nikabaki mkuu wa mafundi. Wiki ya pili niliondoa karatasi. Nilitengeneza fomu: amenawa, ndiyo au hapana, amevaa glavu, ndiyo au hapana, sahihi, saa. Ilikuwa fomu safi sana. Kumbukumbu zilihifadhiwa, mkaguzi kutoka Nairobi aliisifu, na asubuhi zikawa fupi. Nilijivunia fomu ile kuliko digrii.

Ilidumu karibu mwaka mmoja.

Siku ninayoizungumzia ilikuwa ya ukungu mzito, ile miezi ambayo chai yenyewe inakataa kuchipua. Lori la kutuletea oksijeni kutoka Nairobi lilikuwa limechelewa siku mbili na lilifika jana yake jioni, kwa hiyo silinda zote uwanjani zilikuwa tupu. Wakati huohuo pampu ilikuwa inavuja kwenye sili. Mama alikuwa ameenda Merigi kwenye koito ya binamu yangu, yaani posa yake, na nilikamua peke yangu. Ng'ombe mmoja alikuwa mkaidi, mikono yangu ilikuwa imepasuka kwa baridi, nikapaka jeli mara ya pili kabla ya kutoka.

Depo tulikuta hita ya maji haifanyi kazi. Nikanawa kwa maji ya bomba, ambayo asubuhi ile yalikuwa na tofauti ndogo sana na yale ya tangini. Nikavaa glavu. Nikafungua pampu, nikatoa sili mbovu, na nilipofika kwenye pete ya mwisho, ambayo ni nyembamba kama ukucha, glavu zilinizuia kuihisi. Nikavua moja. Nikaiweka pete, nikavaa glavu tena, nikafunga. Kwenye fomu nikapiga tiki: ndiyo, ndiyo, sahihi, saa.

Tulipuliza nitrojeni kavu kuondoa unyevu, tukaanza kupoza. Kirui akapanga silinda kwenye rafu. Simu yangu ikalia, nikavua glavu nikaipokea. Alikuwa Mutai, mtunza stoo wa hospitali moja ya upande wa Bomet tuliyoihudumia.

"Madam wa gesi, tumebakisha mbili," alisema. "Mbili tu. Mnatoka saa ngapi?"

"Tunajaza sasa hivi. Saa tano lori litakuwa barabarani."

"Usinidanganye leo. Leo siyo siku ya kudanganyana."

Nilikata simu. Kioo chake kilipozimika niliona juu yake alama ya kidole gumba, nzima na mistari yake yote, ikimetameta kama mafuta ya gari kwenye dimbwi.

"Madam, imenyamaza," Kirui alisema. Alikuwa na fimbo ya Mzee sikioni, maana fomu haikuwa imeiondoa hiyo. "Niwashe?"

"Ngoja."

"Tungoje nini? Si umesikia vile Mutai amesema?"

"Usiguse hiyo swichi, Kirui."

"Haki ya Mungu, watu wanatafuta pumzi na wewe unaangalia simu?"

"Iangalie na wewe."

Aliichukua, akaigeuza kwenye mwanga. "Hili ni jasho."

"Jasho hukauka. Lifute."

Alifuta kwa mkono wa ovaroli. Alama ilitanuka, haikutoka. Alinirudishia simu bila kunitazama.

"Na ulipiga tiki," alisema.

"Nilipiga."

Mtasema ilikuwa rahisi. Haikuwa. Kidole kilikuwa kimegusa pete moja, pengine upande wa nje, pengine kidogo sana. Pampu ilikuwa baridi na tayari. Uwezekano mkubwa, nilijiambia, ni kwamba hakuna kitakachotokea. Mimi ni mtu wa uwezekano mkubwa. Lakini kwa upande mmoja kulikuwa na Kirui amesimama hatua mbili kutoka kwenye kichwa cha pampu, na kwa upande wa pili kulikuwa na silinda mbili na watu nisiowajua wakizitegemea, na hapakuwa na jedwali la kupima hayo mawili. Kuipasha pampu, kuifungua, kuisafisha, kuikausha na kuipoza upya kungechukua zaidi ya saa mbili. Ukifungua pampu ya baridi kwa haraka kwenye ukungu wetu, unyevu unaganda ndani na umejitengenezea tatizo lingine.

Nilimpigia Mutai. Nilimwambia kosa ni langu na kwamba tutafika saa nane.

"Saa nane," alisema, kisha akakata.

Tuliifungua. Depo ilikuwa na taa ya zambarau inayofanya mafuta yang'ae, ambayo nilikuwa nimeinunua mwenyewe na kuisahau kabatini kwa sababu fomu ilikuwa inatosha. Tulifunga mapazia ya karakana na kumulika kipande kwa kipande. Pete ilikuwa safi. Kifuniko kilikuwa safi. Kirui alivuta pumzi ili aseme neno, na hapo nikageuza mdomo wa ndani wa pampu, mahali maji ya baridi yanapoingilia, na paling'aa doa la samawati lenye ukubwa wa punje ya mahindi.

Kirui alichukua dawa ya kusafishia akaanza na vipande vya upande wake.

Sijui kama lingewaka. Hakuna anayejua, na ndiyo kasoro ya kuzuia ajali: ukifaulu, huna ushahidi. Wanafunzi wangu hawapendi kusikia hivyo. Mimi pia sikupenda.

Lori liliondoka saa saba kasoro, Kirui akiwa ndani yake. Alirudi jioni na silinda tupu. Alizishusha zote, akazipanga, akafunga mnyororo, ndipo akaja mlangoni mwa ofisi.

"Wamepokea," alisema. "Kuna mzee amefariki wadi ya wanaume. Kama nusu saa kabla tufike."

"Alikuwa anangoja oksijeni?"

"Sikuuliza, Madam." Alivua kofia akaitazama. "Na wewe usiulize. Ulifanya vile ilibidi."

Usiku ule niliandika ripoti, jina langu likiwa kwenye nafasi ya chanzo. Asubuhi iliyofuata Kirui alinikuta mlangoni nikikata karatasi nyeupe kwa mkasi. Alinawa, akakausha mikono, akabonyeza, nami nikainua karatasi kuelekea dirishani. Kisha akachukua kipande kingine akaninyooshea. "Na wewe pia, Injinia," alisema. Tangu siku ile fomu na karatasi zilikwenda pamoja. Taa ya zambarau ilitundikwa mahali inapoonekana, na hita ya maji ikawa kitu cha kwanza kukaguliwa. Mkiona kule kwenu desturi ya mkuu wa zamu kupimwa na mdogo wake kazini, ilianzia hapo.

Nilimtembelea Mzee Odhiambo Soin mwezi huo, nikamweleza yote, pamoja na yule mgonjwa. Alinisikiliza akimenya muwa.

"Uliifungua?" aliuliza.

"Niliifungua, Mzee."

"Basi kula muwa, nyathina."

Hakuwahi kuniita mtoto wake kabla ya siku hiyo. Nilikula muwa, na haukunisaidia.

Mimi niliyeuliza kila kitu, kuanzia karatasi hadi mahubiri ya Jumapili, swali lile moja sikulipeleka hospitalini. Nilikuwa naenda pale mara mbili kwa mwezi. Nilisalimiana na Mutai, tulitaniana kuhusu mvua, nikasaini daftari lake, nikatoka haraka. Miaka sita. Miaka hiyo ilikuwa mizuri kwa jumla, sitawadanganya. Pampu ilitembea, Kirui alijenga, tulifundisha vijana wanne kusikiliza kwa fimbo na kupima kwa kipimajoto, na palikuwa na asubuhi ambazo mti wa aluminiamu ulivaa barafu yote, jua likaupiga, hata mimi nikaacha kubishana. Lakini kila nilipopita mlango wa wadi ya wanaume nilitazama upande mwingine.

Depo ilipofungwa nilienda kukusanya silinda zetu za mwisho. Mutai mwenyewe alikuwa amebakisha miezi michache kustaafu. Tuliketi nje ya stoo yake na chai, na kwa kuwa sikuwa na sababu tena ya kurudi pale, niliuliza kuhusu siku ile.

Alinitazama kana kwamba namuuliza bei ya chumvi.

"Siku ile nilikwambia mbili? Mbili zilikuwa za stoo, Madam. Wadi zilikuwa na zake. Mimi nikihesabu kumi nawaambia tano, tangu nianze kazi. Aliyenifundisha alisema watu wa gesi wakiambiwa kumi wanakuja kesho."

"Na yule mzee wa wadi ya wanaume?"

"Yule wa moyo?" Alifikiri kidogo, akaweka kikombe chini. "Aliletwa saa saba, akakaa nasi kidogo tu. Silinda yake niliisukuma mwenyewe hadi kitandani, na ni mimi niliyeenda kuirudisha. Geji ilikuwa bado inasoma robo tatu."